Kalamu Nyekundu Kwenye Mchoro wa Spika

Mchoro wenyewe ulikuwa wa ukurasa mmoja. Sanduku la lita 20, wufa (spika ya sauti za chini na za kati) ya inchi sita na nusu, twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kitambaa ya inchi moja, bomba la besi lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 11, na chini kabisa krosova, saketi ya kugawa sauti kati ya wufa na twita: koili mbili, kapasita mbili, rezista mbili. Niliuchapisha stesheneri moja ya Ngamiani, nikaubandika ukutani, nikakaa nao na kikombe cha kahawa kama mtu anayesoma barua ya posa. Nilipofika kwenye twita nikacheka. Aliyechora alikuwa amepeleka chanya ya twita kwenye hasi ya amplifaya. Nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia duara, nikaandika pembeni: KOSA.

Mimi ni fundi umeme wa majumba hapa Tanga. Nimevuta waya Makorora, Mikanjuni, Duga mpaka Pongwe, na mtu wa kazi hii akiona waya mwekundu umekaa pa mweusi mkono humwasha. Spika ni mapenzi tu, ya jioni na Jumapili. Nimelelewa Barabara ya 12, nyumbani kwa mjomba, ambaye ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi za harusi. Mji huu ndio uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoleta gitaa na besi kwenye taarabu, na upande wa dansi ukatoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Muziki huo nimeusikia toka naanza kutambaa, kwenye kaseti zilizochakaa na redio iliyofungwa kwa mpira. Nilichotaka ni spika za kuusikia vizuri mara moja kabla mjomba hajazidiwa na uzee. Sabufa ya dukani yenye taa za buluu ninayo, inatikisa madirisha, lakini mwimbaji ndani yake huwa kama amefunikwa na shuka.

Kwa hiyo nilianza kuboresha kabla sijajenga.

Badiliko la kwanza lilitoka sebuleni. Mchoro ulitaka sanduku lenye uso wa sentimita 23, na kati ya kabati la vyombo na televisheni yetu pana sentimita 21. "Baba watoto," mke wangu aliniuliza, "hilo likikaa hapo mlango wa kabati nitaufungulia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikapunguza uso hadi 20, nikapunguza na kina, nafasi ya ndani ikabaki lita 14. Bomba nikaliacha vilevile, 5 kwa 11. Bomba ni bomba, nilijiambia.

Badiliko la pili lilikuwa la mbao. Mchoro ulisema MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. Fundi seremala ninayemjua alikuwa na vipande vya mtiki wa Longuza, kule Muheza, masalio ya kazi ya milango. Mtiki ni mbao ya heshima, na mimi nikaona nitaweka spika za heshima. Akaunganisha mbao ubavu kwa ubavu kwa gundi, akapiga randa, akapaka vanishi, na kusema kweli zilipendeza mno.

Kapasita za mikrofaradi 3.3 zisizo na chanya wala hasi sikuzipata mjini. Nikafanya wafanyavyo mafundi redio: kapasita mbili za kawaida za 6.8, hasi kwa hasi, ambazo kwa pamoja hutoa 3.4. Hapo hapakuwa na tatizo. Baadaye niliagiza za filamu kutoka Dar, zikaja na basi. Koili ya wufa mchoro uliitaka iwe milihenri 1.5 wakati hesabu ya kawaida ilinipa 0.85. Nayo nikaitia alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, lakini waya wa shaba ulikuwa umeshasukwa na mikono inauma, nikaiacha. Uvivu ule uliniokoa na kosa moja, kama nitakavyoeleza.

Twita nikaiunganisha "sawasawa". Chanya kwa chanya. Nilihakikisha hata kwa betri ya volti 1.5: ukigusisha chanya ya betri kwenye chanya ya wufa, koni inasogea mbele. Ilisogea mbele. Nikalehemu, nikafunga skrubu, nikaenda kunawa.

Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya kwanza kila mtu hufurahi, maana umesubiri miezi na ukikataa kufurahi utamweleza nini mkeo kuhusu pesa. Wiki ya pili nikaanza kugundua kwamba sauti za waimbaji ziko mbali. Ala zipo, dumbaki lipo, mwimbaji amerudi nyuma hatua tatu. Nikasema twita haina nguvu. Kwenye krosova kulikuwa na zile rezista mbili za kupunguza sauti ya twita, kwa sababu kwa karatasi za watengenezaji twita ilikuwa kali kuliko wufa kwa desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nikazitoa. Ya nini kununua twita kali halafu uipoze kwa rezista?

Lo, uhai! Sauti ikang'aa, nikasikia mpaka kucha za mpiga gitaa. Nikaita jirani. Naye akasifu. Baada ya siku tatu masikio yangu yalikuwa yamechoka kama niliyeshinda karakana ya bati. Kila herufi ya "s" ilichoma. Na mwimbaji bado alikuwa nyuma, ila sasa amezungukwa na vyuma.

Nikafikiri ni mwangwi wa ndani ya sanduku. Nikanunua sufi, ile ya mito, nikashindilia sanduku zima. Kuna walioniambia niweke katani. Mkonge uko Tanga tangu mwaka 1893, na kila ugonjwa wa mji huu una mtu atakayeutibu kwa katani. Sufi ikameza besi. Nikatoa nusu ya sufi, besi ikarudi vibaya, ikivuma. Nikabandika zulia ukutani. Nikasogeza spika mbele, nikazirudisha. Kila dawa niliyoitia ilikuwa inatibu madhara ya dawa iliyotangulia, na ugonjwa wenyewe sikuwahi kuutazama, kwa sababu kichwani mwangu ugonjwa ule nilikuwa nimeshautibu kwa kalamu nyekundu.

Mjomba alikuja Ijumaa moja baada ya sala. Nikampa kiti cha katikati, nikaweka taarabu ya zamani. Akasikiliza wimbo mzima amefumba macho, bakora katikati ya magoti.

"Mjomba," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo. "Huyu mama anaimba akiwa uani?"

Nikanyamaza.

"Na mpigaji besi, kila akigusa uzi wa tatu nyumba inaamka. Akishuka wa nne, simsikii. Mimi kwenye bendi ningemfukuza."

Nilikasirika kidogo, siwezi kuficha. Lakini mtu aliyepiga besi miaka ile yote huwezi kumwambia masikio yake ni mabovu. Na alikuwa amenipa vipimo bila kujua. Uzi wa tatu wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni A, hezi 55, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Wa nne ni E, hezi 41. Maana yake sanduku langu lilikuwa linapaza sehemu moja karibu na 55 na kuua kilicho chini yake. Usiku ule nikakaa na kikokotoo. Sanduku na bomba lake hufanya kazi kama chupa unayoipuliza mdomoni: ukubwa wa hewa iliyomo na urefu wa shingo ndivyo vinavyoamua mlio. Lita 20 kwa bomba lile hutoa kama hezi 45. Lita 14 kwa bomba lilelile hutoa 54. Nilijenga spika inayopenda noti moja.

Hesabu hizi si za kubahatisha. Zilipangwa na Neville Thiele wa Australia katika andiko la mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, kisha Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Kabla yao wengi walikuwa wanakata matundu na kusikiliza. Mimi, zaidi ya miaka 60 baadaye, nikiwa na simu yenye kikokotoo mfukoni, nilikuwa bado niko kabla yao.

Ningeweza kuanza na bomba, lakini suala la mama aliye uani liliniudhi zaidi. Nikaamua kufanya jambo ambalo nilitakiwa kulifanya mwanzo, ingawa nia yangu haikuwa njema: nilitaka kuthibitisha kwamba mchoro ndio mbovu. Nikanunua kipande cha chipbodi, nikajenga sanduku moja tu kama lilivyochorwa. Lita 20, uso wa 23, bomba 5 kwa 11, rezista mbili mahali pake. Na twita, kwa kejeli, nikaifunga kinyume vilevile kama karatasi ilivyosema. Wufa, twita na krosova nilizitoa kwenye spika ya kushoto. Ya kulia ikabaki ya mtiki na maboresho yangu yote.

Sasa nilikuwa na mbili za kulinganisha. Nikatundika kanga mbele yake ili asiyejua asijue, nikamwita mwanangu mkubwa, kisha jirani, kisha mjomba. Wimbo uleule, spika moja baada ya nyingine.

Wote watatu wakachagua ya mtiki.

Nilitamba siku mbili nzima. Siku ya tatu kitu kikawa kinanitekenya: ya mtiki haikuwa na rezista, kwa hiyo ilikuwa inapiga kwa sauti kubwa zaidi. Nikapima kwa simu, mita moja kutoka kila spika, usiku bodaboda zilipopungua. Tofauti ilikuwa desibeli 3 na ushei. Sikio lina tabia hii, na ndiyo inayotuuzia redio mbovu madukani: tofauti ndogo ya sauti, hata ya desibeli 1, huisikii kama ukubwa wa sauti. Unaisikia kama ubora. Unasema hii ina uhai, hii iko wazi, kumbe imepandishwa kidogo tu. Nikaweka alama mbili kwenye kitufe cha amplifaya, moja ya kila spika, hadi simu ikasoma sawa. Nikawaita tena. Mwanangu akasema ya kulia inapiga kelele. Jirani akasita. Mjomba akanyoosha bakora kwenye ile ya chipbodi: "Huyo mama sasa ameingia ndani."

Ya chipbodi. Isiyopakwa rangi, yenye gundi imechuruzika pembeni.

Hapo ndipo nilipoacha ubishi. Lakini tofauti kati ya zile spika zilikuwa nyingi: mbao, ukubwa, rezista, sufi, nyaya za twita. Nikibadilisha vyote nitakuwa sijui kilichoponya. Nikaanza na kilicho rahisi. Nikafungua skrubu 4 za twita kwenye sanduku la mtiki, nikageuza nyaya 2, nikafunga. Dakika 10. Nikapiga wimbo.

Mwimbaji alikuwa amesimama pale katikati ya televisheni na kabati. Nilizima, nikawasha tena, nikadhani nimechanganya spika.

Sababu yake niliielewa baadaye kwa kusoma na kuchora. Krosova ile ilikuwa inagawa kwenye hezi 3000, koili na kapasita kila upande. Upande wa wufa, krosova huchelewesha wimbi. Upande wa twita, hulitanguliza. Pale pa makutano, mmoja yuko nyuma kwa robo ya mzunguko na mwingine mbele kwa robo. Wufa inaposukuma, twita inavuta. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu anapandisha mchi, yule anashusha. Kwenye kinu ndivyo inavyotakiwa. Kwenye hewa, anayesukuma na anayevuta wanafutana, na panapofutwa ndipo yanapokaa matamshi ya mwimbaji na ukali wa fidla. Mchoraji aligeuza twita makusudi ili wote wawili wasukume pamoja. Mimi niliyezoea kwamba chanya ni chanya nilikwenda nikawagombanisha. Jaribio langu la betri lilikuwa kweli kabisa, ila halikuwa na uhusiano na swali.

Nilipima tena kwa simu, mlio mmoja mmoja kuanzia hezi 500 hadi 8000. Twita ikiwa "sawasawa" palikuwa na shimo karibu na 3000, kama desibeli 14 kwenda chini. Ikiwa kinyume, hapakuwa na shimo. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote: shimo lile si bure. Wanaobuni spika hugeuza twita makusudi ili walione. Likiwa refu na jembamba, ujue wufa na twita wanaafikiana vizuri wakirudishwa mahali pao. Kwa miezi minne nilikuwa nasikiliza jaribio la fundi nikidhani ni muziki.

Zile rezista zilirudi siku hiyohiyo. Sufi nikaitoa, nikabakiza tabaka ukutani tu, mbali na mdomo wa bomba.

Bomba lilichukua Jumamosi nzima, na niliipenda ile Jumamosi. Kwa lita 14, ili upate hezi 45, hesabu ilitaka urefu wa kama sentimita 17. Nikakata 20, maana bomba la plastiki hukatika likapungua, halikatiki likaongezeka. Kujua limefika wapi hakuhitaji mashine. Unaweka rezista ya omu 100 mfululizo na spika, unapeleka milio kutoka kwenye simu kupitia amplifaya kwa sauti ndogo, kuanzia hezi 20 kwenda juu, na mita ya kawaida ya fundi umeme inasoma volti kwenye nguzo za spika. Volti zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Bonde lililo kati ya vilima viwili ndiyo noti ya sanduku. Mara ya kwanza bonde lilikaa 42. Nikapunguza sentimita moja, nikapima. Nikapunguza tena. Lilipofika 45 nikaweka msumeno chini. Mita ileile ninayoitumia kutafuta fyuzi iliyoungua! Miaka yote ilikuwa mfukoni.

Ile koili ya 1.5 niliyoitilia shaka, nayo ina maelezo. Sauti za chini huzunguka sanduku na kwenda kila upande, za juu hubaki mbele ya uso wa sanduku, kwa hiyo msikilizaji hupata besi kidogo kuliko anayostahili. Kwa uso wa sentimita 20 mabadiliko hayo hutokea karibu na hezi 575. Koili kubwa hupunguza za kati ili zilingane na za chini. Ningeipunguza hadi 0.85, mwimbaji angeingia ndani akipiga mayowe.

Mtiki ulinilipa kisasi mwezi Januari. Kaskazi ilipokolea, ungio moja la mgongo likaachia, nyuzi chache tu, na kwenye noti za chini ikasikika filimbi nyembamba. Nilitafuta kwa vidole nisiipate. Mke wangu alikuwa anafukiza udi, nikamwomba chetezo, nikapiga mlio wa hezi 30, nikapitisha moshi taratibu kwenye kila ungio. Kwenye ufa moshi ukacheza kama unaitwa. Gundi na unga wa randa vikamaliza. Sanduku jingine nitakalojenga litakuwa la MDF, vanishi pande zote, na heshima ya mbao nitaiacha kwenye milango.

Mjomba alirudi mwisho wa mwezi. Sikumwambia nilichofanya. Wimbo ulipoanza hakufumba macho. Alitazama chini, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea kwenye bakora, uzi wa tatu, wa nne, wa tatu. Ulipoisha akasema niurudishe toka mwanzo. Tukaurudisha mara tatu, chai ikapoa.

Alipokuwa anavaa viatu akaliona lile sanduku la chipbodi nyuma ya mlango, tupu, matundu mawili kama macho.

"Hili la kwanza lililosema kweli, umelitupa?"

Nikamnunulia wufa na twita nyingine, nikampelekea Barabara ya 12, twita kinyume kama ilivyochorwa. Liko moja tu, juu ya kabati lake la nguo, na kwake linatosha. Nilipoenda wiki iliyopita nilimwambia ningependa kujaribu kapasita tofauti kidogo, labda ingeng'aa zaidi. Akaniangalia mikononi kwanza.

"Bisibisi umeiacha nyumbani?" akauliza. "Basi karibu ndani."